Dodoso pekee halitoshi
Ndugu, umeuliza kama dodoso la mtandaoni linatosha kuchunguza hali ya wanafunzi Waislamu katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwa maoni yangu halitoshi, na sababu kubwa ni hofu yenye historia. Mwaka 2011 shirika la habari la Associated Press lilianza kufichua kwamba polisi wa New York walikuwa wakiwapeleleza Waislamu, vikiwemo vyama vya wanafunzi. Mwaka 2008 askari kanzu alifuatana na wanafunzi wa City College, chuo kimoja cha New York, katika matembezi ya kushuka mto kwa boti la mpira, na taarifa yake ikaandika hata idadi ya mara walizoswali kwa siku. Anayeijua habari hiyo, akiulizwa na mgeni kuhusu dini yake, ana haki kabisa ya kujibu kwa tahadhari. Kwa hiyo pata kwanza kibali cha bodi ya maadili ya utafiti, eleza nani atasikiliza sauti zilizorekodiwa na zitafutwa lini, kisha fanya mahojiano ya ana kwa ana. Tafadhali usiishie kwenye Chama cha Wanafunzi Waislamu, kilichoanzishwa Illinois mwaka 1963, ingawa ndiko mlango ulipo wazi. Wapo wasiokwenda huko kamwe, na wapo Wamarekani Weusi, ambao husahauliwa mno na tafiti zinazomchukulia kila Mwislamu kuwa mhamiaji. Waulize mambo ya kila siku: wanaswali wapi kati ya vipindi, na mtihani ukiangukia siku ya Idi wanamwendea nani.