Jibu: mpangaji ni serikali, ofisi inafunguliwa tena wakati wa korona, mwenye nyumba ufanye nini

Mkuu, umeuliza kama jengo lako hapo Igogo, Mwanza, lenye ofisi ya serikali iliyofungwa miezi kadhaa, usafi wa kabla ya kufungua ni juu yako au juu yao. Fungua mkataba kwanza, huo ndo unaongea. Kawaida ngazi, korido, vyoo vya pamoja, mabomba na tanki ni vya mwenye nyumba, mezani kwao humo ndani ni kazi yao. Marekani kule GSA, yaani wakala wa serikali unaoshughulikia majengo, ndo inazipangia majengo ofisi nyingi za serikali, na usafi wa kila siku mara nyingi unaandikwa kabisa kwenye mkataba.

Ila kitu watu wanasahau ni maji, hapo usikubali mtu akuharakishe. Maji yakilala kwenye mabomba muda mrefu klorini inaisha na bakteria wa lejionela wanazaliana, wale wanashambulia mapafu, yaani mtu anakwepa korona anakutana na nimonia nyingine. Mwaga simtanki lote, fundi asugue ule utelezi wa chini, jaza upya alafu fungulia koki moja moja mpaka yatoke maji mapya.

Madirisha nayo, wale wadudu wa ziwani wanaganda kwenye nyavu hewa haipiti, toa ufue. Vitasa na reli za ngazi pangusa na klorini ya 0.1%, ndo kipimo cha WHO.

Wakitaka kupuliza dawa ofisi nzima mkubaliane gharama kwa barua, sio kwa simu.