Maswali ya Wasomaji: Tazama Chini ya Gari Kabla ya Kuliinua

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinatoka kwa wenye Land Rover, Land Cruiser na Suzuki za zamani wanaozitengeneza wenyewe uani, na nyingi zinaulizia matairi makubwa, springi ndefu na bampa za chuma. Ni chache mno zinazoulizia chasisi na breki. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, magari haya tuliyo nayo hayataletwa tena, na kila moja linaloliwa na chumvi ya pwani linapotea moja kwa moja. Hilo ndilo lililoniongoza katika kuchagua maswali.

Salaam aleikum, fundi. Land Rover yangu ya Series III ina bodi nzima, lakini fundi jirani ameona tundu kwenye chasisi karibu na springi ya nyuma. Anasema atabandika kipande cha bati juu yake na kukichomelea, kazi ya saa moja. Nimkubalie? (Msomaji, Likoni)

Waaleikum salaam. Usimkubalie. Bodi ya Land Rover hiyo ni ya aloi ya alumini, haishiki kutu, na kwa sababu hiyo imewahadaa wanunuzi wengi ambao hutazama milango na bonati kisha wakatoa pesa. Chasisi ni ya chuma, na ina uwazi ndani yake ambamo tope na mchanga wenye chumvi hutulia kwa miaka, hivyo kutu huanza upande usioonekana. Siku tundu linapojitokeza nje, chuma kinacholizunguka kimekwisha kuwa chembamba. Bati likichomelewa juu ya chuma cha namna hiyo litashikilia kutu, na pale springi inapofungwa ndipo penye uzito wote wa nyuma ya gari.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi, uipige chasisi yote hatua kwa hatua, hasa mikono ya pembeni inayobeba bodi, vishikio vya springi na chuma cha nyuma kinachokingama. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa sauti nzito na bisibisi huzama ndani yake. Tia alama za chaki, kisha ukate mpaka ufike kwenye chuma safi, na kipande kipya kiwe na unene usiopungua ule wa asili, kichomelewe mzunguko mzima bila kuruka. Kabla ya kuchomelea, ondoa nyaya za betri na za alteneta. Baadaye paka rangi ya zinki nje, na ndani unyunyizie nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu, la sivyo kazi hiyo utairudia. Pale alumini inapogusana na chuma, weka mpira au rangi nzito katikati, kwa maana maji ya chumvi yakipenya hapo alumini hulika na kugeuka unga mweupe.

Na gari hilo ulioshe chini kwa maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya mji wetu wa Mombasa vina maji ya chumvichumvi, nami nimewaona watu wakirudi kutoka ufuoni, wakaosha gari kwa maji ya kisima, wakaamini kwamba wameondoa chumvi.

Jambo la mwisho, ambalo hukuliuliza: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nyua zetu nyingi ni za mchanga. Tandika ubao mpana na mnene, weka stendi za chuma pande zote mbili, na zuia magurudumu yaliyobaki chini kabla hujalala.

Gari langu linatoa moshi. Tatizo ni nini? (Msomaji, Kongowea)

Gari gani? Injini ya petroli au ya dizeli? Moshi wa rangi gani, na hutoka wakati wa kuwasha asubuhi, wakati wa kupanda mlima, au wakati wote? Swali hili huletwa kila mara hivi hivi, na hakuna fundi mwaminifu anayeweza kulijibu. Moshi mweusi kwenye dizeli ni dalili ya mafuta mengi kuliko hewa, hivyo anza na chujio la hewa, kisha nozeli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, unakutaka utazame gasketi ya hedi leo hii. Ukishapeleleza hayo, niandikie tena.

Nina Suzuki SJ410 na ninakaa Mtwapa. Nataka kuliinua inchi 4 na kulifunga matairi ya inchi 31 kama ya rafiki zangu. Nianzie wapi? (Msomaji, Mtwapa)

Anzia kwenye breki, ndugu yangu. SJ410 ina injini ya cc 970, na gia zake zilipangwa kwa matairi yenye kipenyo cha inchi 27 hivi. Ukifunga ya inchi 31, kila mzunguko wa gurudumu utakwenda umbali uliozidi kwa karibu asilimia 15, na injini hiyo ndogo itakuwa kana kwamba imeongezewa mzigo katika kila gia. Mshale wa mwendo ukionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe utakuwa unakimbia karibu 92. Breki zitalazimika kusimamisha gurudumu zito na kubwa zaidi kwa nguvu zilezile za zamani, na nyingi katika Suzuki hizi zina breki za dramu hata mbele. Kuinua bodi na springi nako huvuta mipira ya breki mpaka ikakaribia kukatika, hukunja krosi za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) kwa pembe isiyo yake, na hupandisha uzito juu katika gari ambalo tangu hapo ni jembamba. Barabara ya Malindi unaijua: bodaboda huingia mbele yako bila taarifa, na hapo ndipo usukani unapokatwa ghafla na gari la namna hiyo kulala ubavu.

Unachokitafuta, ikiwa ni kupita mchangani na matopeni wala si kutazamwa, kinapatikana kwa gharama ndogo zaidi. Badilisha springi zilizochoka kwa mpya za kimo cha asili, tia shokamzoba nzima, hakikisha hubu za mbele, zinazounganisha magurudumu ya mbele na nguvu ya injini, zinashika, kisha ununue matairi yenye meno mazuri yanayozidi ya asili kwa inchi moja tu. Ukiingia mchangani, punguza upepo mpaka karibu psi 16, na beba pampu ili uujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka na kuelea juu ya mchanga, na gari lako jepesi litapita mahali ambapo makubwa yatakwama. Ikiwa bado utayataka matairi ya inchi 31, basi badilisha kwanza meno ya boksi la gia ndogo na ufunge breki za diski mbele. Asiye na fedha za kazi hizo mbili hana fedha za matairi hayo.

Land Cruiser yangu ya dizeli huchemka kila nikipandia Mazeras nikiwa na mzigo. Fundi ameondoa themostati lakini bado inachemka. (Msomaji, Mikindani)

Rudisha themostati, ile valvu inayoongoza maji kati ya injini na rejeta. Desturi hii ya kuiondoa imeharibu injini nyingi, na mafundi wanaoifanya wanapaswa kuiacha. Bila themostati injini huenda ikiwa baridi kwenye tambarare, hula mafuta na kuta za silinda huchakaa haraka. Tena katika injini nyingi kifaa hicho, kinapofunguka, hufunga njia fupi ya maji, hivyo ukikiondoa sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta.

Nina shaka zaidi na maji unayojazia. Ikiwa ni ya kisima, chumvi na chokaa vimeziba mirija ya rejeta, na hakuna feni itakayokusaidia. Itoe rejeta, ipelekwe ikasafishwe na kupimwa, kisha ujaze maji safi yasiyo na chumvi pamoja na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tazama pia kifuniko cha rejeta, mshipi wa feni, na lile kava linaloizunguka feni, ambalo mara nyingi limevunjika likatupwa. Baada ya hayo yote, ikiwa povu linatokea rejetani injini ikiwa bado baridi na inanguruma, gasketi ya hedi imekwenda. Kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto.

Kati ya Land Rover na Land Cruiser, lipi bora? (Wasomaji wengi)

Lile ambalo chasisi yake haijaoza. Sitalijibu tena swali hili.

Shikamoo mwalimu. Nikiteremka kutoka Kwale kuelekea Kombani, breki hukanyagika karibu mpaka chini, kisha zikipoa hurudi sawa. Padi ni mpya. (Dada wa Ukunda)

Marahaba, dada yangu. Maelezo yako yamejitosheleza, nakushukuru. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Ya DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Mteremkoni breki hupata moto, mafuta huchemka, mvuke hujaa ndani ya mabomba, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma kitu. Toa mafuta yote ya zamani gurudumu kwa gurudumu, tia mapya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na ufanye hivyo kila baada ya miaka miwili. Hata tone la oili ya injini lisiingie humo, maana huvimbisha mipira ya ndani. Kisha teremka kwa gia ndogo, injini ishike gari, nawe uguse breki mara mojamoja. Mpaka kazi hiyo imalizike, usiteremke Kwale na watoto garini.

Nimepata turbo ya mtumba kwa bei nzuri. Naweza kuifunga kwenye injini ya 1HZ? (Msomaji, Changamwe)

Kuifunga kunawezekana, kudumu ni jambo jingine. Injini ya 1HZ, dizeli ya Toyota yenye cc 4,164, ina vyumba vidogo ndani ya hedi ambamo dizeli huanza kuwaka kabla ya moto kufika juu ya pistoni, na vyumba hivyo ndivyo hupasuka joto linapozidi. Toyota wenyewe walipotaka turbo walitengeneza injini ya 1HD-T, inayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Ukishikilia, basi iwe kwa msukumo mdogo, pampu irekebishwe na fundi mwenye mashine ya kuipima, na ufunge geji ya joto la moshi mahali unapoiona. Kwenye injini iliyokwisha kuchoka, uza turbo hiyo.

Naweza kutia injini ya dizeli ya Toyota kwenye Series III bila kugusa logibuku? (Msomaji, Tudor)

Hapana. Namba ya injini imo kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, na mabadiliko yake hupitia NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, pamoja na ukaguzi. Weka risiti ya injini, kwa sababu injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi. Siku ya ajali, kampuni ya bima itatafuta kasoro kama hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Tena giaboksi na hafushafti (shafti zinazozungusha magurudumu) za Series hazikuundwa kwa nguvu za dizeli kubwa.

Tenki langu la petroli limetoboka kidogo. Nimelimwaga likakauka. Naweza kulichomelea mwenyewe? (Msomaji, Bamburi)

Usithubutu. Tenki tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka, na hubaki kwenye mikunjo na kutu ya ndani hata baada ya kuosha kwa sabuni. Nunua tenki jingine zima, na hilo la zamani lipelekwe mbali na jiko, mbali na mashine ya kuchomelea, na mbali na watoto.