Wifi yangu hataki nyumba ya urithi iuzwe, nifungue kesi?

Shangazi, mume wangu na dada yake waliachiwa nyumba na wazazi wao, nusu kwa nusu. Tangu mama mkwe afariki, wifi yangu anaishi humo peke yake bila kutulipa kodi ya pango, na kila tukimwambia nyumba iuzwe tugawane, anakataa. Ni kweli kwamba ndiye aliyemuuguza mama na kubadilisha paa, lakini hilo halimfanyi kuwa mwenye nyumba. Tumeshapata mnunuzi na hawezi kusubiri. Mume wangu hana msimamo, anamwogopa dada yake. Nimesikia kwamba mahakama inaweza kuamuru nyumba iuzwe kwa lazima. Nifanyeje ili kesi ifunguliwe haraka? – Niliyechoka

Mwanangu Niliyechoka,

Pole. Kuwa na mali ambayo huwezi kuigusa kunachosha, na mume wako ana haki kamili ya kutaka fungu lake. Hata hivyo, barua yako imeniachia swali moja zito: huyo mnunuzi asiye na subira ameletwa na nani, ikiwa mwenye nusu moja amekataa kuuza na mwenye nusu ya pili bado anasitasita? Sioni mwingine ila wewe. Unaandika "tugawane", ilhali kwa maelezo yako mwenyewe nyumba iliachiwa watu wawili na wewe si mmoja wao. Shauri la kugawa mali ya pamoja hufunguliwa na mwenye hisa. Ukienda wewe kwa jina lako, huna utakachodai dhidi ya wifi yako.

Ulichosikia kuhusu mahakama ni kweli, lakini umepewa mwisho wa hadithi bila mwanzo wake. Tangu enzi za sheria za Kirumi imekubalika kwamba mtu halazimishwi kubaki milele katika umiliki wa pamoja asioutaka. Lakini kugawa hakukuwa na maana ya kuuza: Uingereza ilipotunga sheria zake za mgawanyo mwaka 1539 na 1540, mali yenyewe ndiyo iliyokatwa vipande, na ilipofika 1868 tu ndipo mahakama zikapewa uwezo wa kuamuru mali iuzwe na fedha zigawanywe. Mpaka leo, katika nchi nyingi, hakimu huthibitisha kwanza nani anamiliki kiasi gani, kisha huuliza kama mali inagawanyika bila kuharibika. Kiwanja kikubwa hupimwa na kukatwa, na mwenye kupata kipande bora humlipa mwenzake tofauti. Nyumba moja haikatwi katikati ya sebule, na hapo ndipo suala la kuuza, au la mmoja kumnunua mwenzake, linapoingia.

Kisha huja hesabu, ambayo hukuitaja kabisa katika barua yako. Kabla fedha hazijagawanywa, kila mmiliki huleta alichotoa: kodi ya majengo, bima, deni la rehani, matengenezo ya lazima. Wifi yako akileta risiti za paa na za kodi alizolipa kwa niaba ya wote wawili, sehemu ya mume wako itakatwa. Wewe unaona nyumba inayovutia wanunuzi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kuhusu kodi ya pango unayoidai, mahakama nyingi zinazofuata mapokeo ya Kiingereza hazimtozi mmiliki mwenza kwa sababu tu anaishi katika mali yake, isipokuwa amemfungia mwenzake mlango. Je, alibadilisha kufuli? Hukuandika hivyo, na ingekuwa kweli nadhani ungeanza nalo. Mahakama yaweza kupunguza madai yake ya matengenezo kwa sababu amefaidi kukaa humo, lakini hilo ni jambo dogo kuliko unavyolitazamia.

Tufanye mfano. Chukulia nyumba ina thamani ya 100 kwa bei ya soko. Ikiuzwa kwa mnada wa amri ya mahakama, aghalabu haifiki bei hiyo. Tuseme inapata 80. Gharama za mawakili, mthamini na dalali zikila 10, na wifi yako akirudishiwa 10 za matumizi yake ya ziada, inabaki 60, na mume wako anaondoka na 30. Lakini wifi huyo huyo akimnunua kaka yake kwa bei ya mthamini, hata baada ya kukata hizo 10 zake, mume wako anapata 45. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na katika shauri la namna hii kunguru huwa wanasubiri mnada.

Mchunge sana huyo mnunuzi wako. Kisheria, mmiliki mwenza kwa kawaida anaweza kuuza hisa yake peke yake, na mnunuzi akishaingia anapata haki ile ile ya kwenda mahakamani kudai nyumba nzima iuzwe. Nchini Marekani familia nyingi, hasa za Wamarekani weusi, zilipoteza ardhi ya urithi kwa njia hiyo, hata mwaka 2010 ikaandikwa sheria ya mfano ambayo majimbo mengi yameipitisha: mmoja akiomba mali iuzwe, wenzake hupewa kwanza siku 45 za kuamua kama watainunua hisa yake kwa bei ya mthamini. Wifi yako anastahili nafasi hiyo hata kama sheria ya kwenu haiitaji.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Umeandika kwamba mume wako ni mwoga. Mimi namwona kama mtu anayejua kwamba dada yake alikesha na mgonjwa ambaye alikuwa mama wa wote wawili. Deni hilo kwa kawaida halimo katika hesabu ya mahakama ya mgawanyo, ndiyo maana linamwelemea yeye. Ndoa za siku hizi zinaumizwa na tabia hii ya kupiga hesabu ya mali ya wakwe na kuita unyonge kila subira ya mwenzako. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Hawa wawili watapatana siku moja, na wote wawili watakumbuka ni nani aliyeleta mnunuzi.

Kwa hiyo mwache mume wako amwendee dada yake peke yake. Wathibitishe kwanza kwamba hati imeshatoka katika majina ya marehemu, kwa sababu kama mirathi haijafungwa, hiyo ndiyo ya kumaliza kabla ya yote. Waangalie pia kama ni hisa zinazorithiwa au ni umiliki ambao mmoja akifa yote humwendea aliyebaki. Ikiwa ni wa pili, ndoto yako ya nusu inaweza kuzikwa pamoja na mume wako. Wachague mthamini mmoja, dada aweke risiti mezani, kisha apewe nafasi ya kununua, hata kwa awamu zinazolindwa na hati yenyewe, au alipie pango la nusu ya kaka yake kwa maandishi. Hata shauri likiwa limeshafunguliwa, makubaliano yao yanaweza kuandikwa kuwa amri ya mahakama, nayo hubana kama hukumu.

Akikataa vyote, asinunue, asilipe wala asikubali kuthaminiwa, hapo mume wako afungue shauri kwa jina lake, na hakuna dhambi katika hilo. Wewe msaidie kutafuta risiti zake: kama naye alichangia paa au kodi ya majengo, mahakama itamhesabia.

Shangazi