Mi nshamaliza, ya tano ndo imenigomea: hiki Kiswahili au makosa?

Swali limetoka kwa msomaji ambaye kila jioni anachati na marafiki zake, huku homuweki ya hesabu, huku tivii inaendelea. Juzi akawaandikia hivi: "mi nshamaliza nne za mwanzo, ya tano ndo imenigomea, af kipindi ishaanza, we uko wapi?" Rafiki mmoja akamjibu: "Andika Kiswahili fasaha bwana, hakuna nshamaliza wala ndo. Mimi nimeshamaliza zote na sasa naangalia televisheni." Sasa msomaji anauliza, je ni kweli naharibu lugha?

Hapana ndugu yangu, huharibu. Kwenye meseji yako yote kuna kosa moja tu, na hilo rafiki yako hakuliona kabisa, tutalifikia. Ila kwanza tumwangalie yeye mwenyewe aliyesahihisha, maana kaandika "nimeshamaliza" na kaandika "naangalia", na yote mawili ni maneno yaliyofupishwa. "Nimeshamaliza" ilianza kuwa "nimekwisha kumaliza", yaani kitenzi kwisha kilikuwepo pale kizima kizima, watu wakasema na kusema mpaka kwisha ikabaki -sha- na ikaingia ndani ya kitenzi kingine kama kiambishi, na leo hakuna mwalimu anayekukata maksi kwa "nimeshamaliza". Na "naangalia" je? Ukiitaka kamili ni "ninaangalia". Tumeimeza ni- ya mbele na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo anayekukataza kufupisha anafupisha kila siku, tofauti ni kwamba ufupisho wake ulitangulia kuzoeleka kwenye maandishi na wako bado uko mdomoni.

Turudi kwa "nshamaliza". Hapa yametokea mambo mawili kwa mpigo, -me- imeondoka kwa sababu -sha- peke yake inatosha kubeba habari kwamba jambo limekwisha kufanyika, halafu ni- imepoteza irabu yake ikabaki n tupu. Na hiyo n haijafa, bado ni silabi inayojitegemea, sema taratibu utasikia: n-sha-ma-li-za, mapigo matano. Ndo vilevile kwenye "ntakuja", n-ta-ku-ja.

Sasa kama mtu anakwambia n bila irabu si Kiswahili muulize neno "mtu" limetoka wapi. Zamani lilikuwa na mu-, na ndugu zetu wa lugha nyingine za Kibantu bado wanayo mpaka leo, Waganda wanasema omuntu, Wazulu wanasema umuntu. Sisi tumeiacha u ikaenda zake, ikabaki m inayosimama peke yake na mkazo wa neno unaangukia hapohapo juu yake. Mtu, mti, mkono, mtoto, zote hizo zimepita njia ileile ambayo "nshamaliza" inapita sasa hivi mbele ya macho yetu. Mimi jambo hili linanifurahisha kupita kiasi, kwamba vijana wanaochati kuhusu hesabu wanaifanyia ni- kilekile ambacho mababu waliifanyia mu- bila kukaa kikao.

Na ukitaka ushahidi kwamba hii -sha- ina sheria, jaribu kuikanusha. Tunasema nshamaliza, ushamaliza, tushamaliza, washamaliza, sawa, lakini hakuna mzungumzaji anayesema "sishamaliza", kila mtu bila kufundishwa anaruka kwenda "sijamaliza" au "bado". Lugha inayoharibika haina nidhamu hiyo.

"Ndo" ina habari yake tofauti kidogo. Umbo kamili linabadilika kufuata ngeli: hesabu hii ndiyo, kipindi hiki ndicho, mtu huyu ndiye, tatizo hili ndilo. Mdomoni zote zinaangukia kwenye "ndo" moja, kwa hiyo hapa kweli kuna kitu tumekipoteza, sikatai. Ila angalia sentensi yako, "ya tano ndo imenigomea", ile i- ya "imenigomea" bado inatuambia tunazungumzia hesabu, kwa hiyo msomaji hapotei. Ukiandika insha weka "ndiyo iliyonigomea" uirudishie vyote, kwenye chati acha ilivyo. "Af" nayo ni halafu iliyokatwa kichwa na mkia, haina shida.

Sasa kosa lako. "Kipindi ishaanza". Kipindi ni cha KI-VI, kwa hiyo ni "kipindi kishaanza". Najua wengi wanasema hivyohivyo, kila kitu kinapewa i-, kipindi imeanza, jibu imekataa, maswali imeisha, lakini hapa mimi sikubali kulegeza na sababu ni ileile iliyonifanya niitetee "ndo": ukifupisha lazima kitu kibaki cha kumshika mkono msomaji. Tukishaua "ndicho" na kuua na ki- ya "kishaanza", mtu akisoma "ndo ishaanza" atajuaje ni kipindi au ni hesabu, na nyinyi mlikuwa mnaongelea vyote viwili kwenye meseji moja? Kufupisha ni kutoa kile ambacho msomaji anaweza kukirudisha mwenyewe. Kuweka i- mahali pa ki- ni kubadilisha, na aliyebadilishiwa hana cha kurudisha.

Kwa kipimo hichohicho kuna mitindo ya kwenye simu ambayo mimi siipendi. Ile ya "cjui", "cna", "wa2", "2taonana", ambapo c inasomwa si na 2 inasomwa tu kwa matamshi ya Kiingereza, haikutoka mdomoni hata kidogo, ukiitamka inakuwa sijui ileile, ni ujanja wa tahajia tu. Ulikuwa na maana enzi za meseji ya kawaida iliyokuwa inabeba herufi 160 na ukizidisha unalipia ya pili. Leo unaokoa nini? Na kwenye hesabu ndo balaa kabisa, mtu anakuandikia "2kitoa 2 2napata ngapi" na wewe unatafuta tarakimu ni ipi na kiambishi ni kipi. Mkiwa mnasaidiana homuweki wekeni tarakimu kwa ajili ya hesabu tu, tafadhali.

H nayo iwekwe pake. "Alafu" utaisoma na kuielewa, lakini "niko apa" na "niko hapa" si kitu kimoja, apa ni kula kiapo, na "ama" si "hama". Vivyo hivyo l na r, mahali ni sehemu na mahari ni mali ya ndoa, kwa hiyo "nimekwama mahari fulani kwenye swali la tano" itamfanya mwenzio asimame kwanza.

Halafu kuna tahadhari moja ya kibodi ambayo watu hawaifikirii. Nshafika ni mimi, mshafika ni nyinyi. Ntakuja ni mimi, mtakuja ni nyinyi. Sasa angalia simu yako, n na m zimekaa jirani kabisa, kidole kikiteleza kidogo umegeuza mtu, ulitaka kuahidi umeuliza. Kwa hiyo kwenye ahadi, saa, na mambo ya kukutana, mimi naandika "nitakuja" nzima nzima hata kwa rafiki wa karibu. Na tukigusa saa: "kipindi cha saa mbili" kinaweza kuwa kinachoanza saa mbili au kinachochukua muda huo, ndo maana kwenye mazungumzo watu wanashikilia "masaa mawili" ingawa usanifu unataka "saa" bila ma-, na mimi kwenye chati siwalaumu, wanaziba pengo la kweli. Ukiandika saa mbili kwa rafiki ambaye simu yake inaonyesha 20:00 ongeza "usiku" tu, mtaelewana.

Rafiki yako ana hoja moja ambayo hakuisema vizuri, nayo ni ya nani unamwandikia. Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930, kililengwa hasa vitabu na shule, ili wa huku na wa kule wasome maandishi yaleyale. Hiyo ni kazi kubwa na naiheshimu, ila chati ya jioni haikuwa kazi yake. Mwalimu akikuuliza kuhusu homuweki mwandikie "Shikamoo mwalimu, nimeshamaliza maswali manne, la tano limenishinda", si "we mwalimu nshamaliza". Hiyo "we" hasa uichunge, kati ya marika ni utani na ukaribu, lakini kwa mkubwa ni kama unamkemea, maana "We!" tunamwitia mtoto aliyeshika kisu.

Kwa hiyo mjibu mwenzio hivi: mi nshamaliza nne za mwanzo, ya tano ndo imenigomea, af kipindi kishaanza. Na ukimaliza muombe akuonyeshe hiyo ya tano aliifanyaje, maana anasema kamaliza zote.