Usihamishe Program Files, hamisha kazi za wateja

Ndugu yangu, umesema kompyuta ya duka lako la kuchapa hapo Langoni ina diski ya GB 256, C imejaa hadi kuwa nyekundu, D iko tupu, na unataka kuiburura Program Files, folda zinamokaa programu, uitie D. Hiyo usiiguse. Programu ikishasakinishwa, Windows huandika anwani yake kwenye rejista, yaani daftari lake la ndani la mipangilio. Ukiihamisha kwa mkono, ikoni zote zinabaki kuelekeza patupu, na hata kuiondoa baadaye inakuwa tabu. Halafu programu ikiharibika utaisakinisha upya. Kadi ya harusi ya mteja aliyekwisha kulipa, utaisakinisha kutoka wapi?

Kinachohama ni data. Tengeneza D:\Kazi, na ndani yake folda za Hati, Picha, Deski na Wateja. Fungua File Explorer, kliki kulia kwenye Documents, chagua Properties, kisha Location, kisha Move, uielekeze D:\Kazi\Hati. Ukiulizwa kama faili zilizomo zihamishwe pia, kubali. Fanya vivyo hivyo kwa Pictures na Desktop, kila moja kwenye folda yake. Ukizielekeza mbili folda moja zitachanganyika, na kuzitenganisha tena ni kizungumkuti. Wala usielekeze D:\ yenyewe, maana diski nzima itageuka kuwa Documents. Kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inahifadhi folda hizo, zima hilo kwanza.

Majina yaanze na mwaka: 2025-03-14 kadi ya harusi. Ukianza na siku, kazi za tarehe 14 za miezi yote zitapangwa pamoja. Mkwaju (alama ya /) hauruhusiwi kwenye jina la faili. Usichimbe folda ndani ya folda mpaka chini kabisa, kwa sababu njia nzima ikipita herufi 260 programu nyingi hukataa kufungua faili.

Sasa ile programu ya zamani ya mauzo unayotumia dukani, ambayo ndiyo mtego wenyewe. Programu za aina hiyo huweka faili ya data palepale zilipo, ndani ya Program Files. Tangu toleo la Vista, Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika humo. Kwa programu za biti 32 za zamani huandika kimyakimya kwingine: C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore. Ndiyo maana kijana wako akiingia kwa akaunti yake anaona mauzo ya mwezi juzi, ukiingia wewe unaona ya leo, na kila mtu anadhani mwenzake amefuta. Hakuna aliyefuta. AppData imefichwa, kwa hiyo kwenye View washa vitu vilivyofichwa, kisha linganisha tarehe za faili ya data iliyo Program Files na ile ya VirtualStore ya kila akaunti. Funga programu kabisa kabla ya kunakili, kwani hifadhidata ikinakiliwa ikiwa wazi nakala yake mara nyingi huwa mbovu. Kama mipangilio ya programu inakubali kubadilisha mahali pa data, iambie D:\Kazi\Mauzo. Kama haikubali, isakinishe upya kwenye D:\Programu, ambako inaweza kuandika bila kuzuiwa, kisha rudisha data.

Usidanganyike kwamba D ni akiba, yaani nakala ya kukuokoa kazi zikipotea. C na D za diski moja ni msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili za nyumba moja: moto ukiingia hauchagui. Nunua flashi au diski ya nje, na kila jioni andika amri hii ya kunakili kwenye Command Prompt, dirisha la amri la Windows:

robocopy D:\Kazi T:\Kazi /E

Usitumie /MIR kama wanavyoshauri wengi. Hiyo hufuta kwenye akiba kila ulichofuta kwenye D, kwa hiyo kosa la asubuhi jioni linafika hadi kwenye nakala. Kama una video za harusi ndefu, flashi iwe na mpangilio wa exFAT, maana ule wa FAT32 haupokei faili ya GB 4. Ikimaliza, iondoe kwa utaratibu, uende nayo nyumbani.

Nimeandika T kwa makusudi. Herufi E huchukuliwa na flashi yoyote ya mteja iliyotangulia kuchomekwa, na akiba yako ikaenda kukaa kwenye flashi ya mtu. Fungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, kliki kulia kwenye diski ya akiba, ipe herufi T. Kwenye kompyuta hiyo itaikumbuka.