Msimfiche Mwalimu Wenu wa Kigiriki

Jumamosi iliyopita nilikaa na wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza wa theolojia, ambao nawafundisha tuisheni ya Kigiriki cha Agano Jipya, nikamwomba mmoja wao afasiri mstari wa kwanza wa Injili ya Yohana. Alifasiri bila kusita: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Nilipomwuliza ἦν, lile lililofasiriwa "alikuwako", ni kitenzi gani, cha njeo gani na cha nafsi ya ngapi, alinyamaza, na wenzake wakainamia madaftari yao. Nilitambua mara moja kilichotokea, kwamba alikariri Biblia ya Kiswahili bila kukisoma Kigiriki, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa hapo hapo miaka 14 iliyopita na nilipoteza miezi minane kabla mtu hajanitoa. Nawapenda vijana hawa, lakini uvumilivu wangu una mpaka, na nimeona heri niyaandike haya ili yawafikie na wale watakaoanza mwaka ujao.

1. Elewaneni na mwalimu kuhusu matamshi siku ya kwanza, kabla hamjafungua hata jedwali la artikeli, lile neno dogo linalotangulia nomino. Darasani mnafundishwa matamshi ya Erasmus, yule mwanazuoni wa Uholanzi, ambayo chanzo chake ni kitabu alichokitoa mwaka 1528, lakini mwalimu wa tuisheni aliyesoma Ugiriki, au padre wa Kiorthodoksi, atawasomea kwa matamshi ya Kigiriki cha leo, ambamo η, ι, υ, ει na οι zote husikika kama "i". Kwa matamshi hayo ἡμεῖς, yaani sisi, na ὑμεῖς, yaani ninyi, hayatofautiani hata kidogo sikioni. Mwenzetu mmoja wa darasani alichukua imla kwa mwalimu wa namna hiyo, akaandika "ninyi" kila palipokuwa na "sisi" katika sura nzima ya 1 Yohana, na mwalimu wake alicheka hadi akavua miwani. Hakuwa wa kwanza kupatwa na hayo: katika 1 Yohana 1:4 nakala nyingine za kale zina "furaha yetu" na nyingine zina "furaha yenu", na kinachozitenganisha ni herufi moja, ἡμῶν au ὑμῶν. Matamshi yote mawili yana heshima yake. Chagueni moja kwa mwaka wa kwanza na mdumu nayo.

2. Alama za pumzi, vile vialama vidogo juu ya irabu inayoanza neno, zisomeni kama mnavyosoma herufi. Kila mwaka hupata mwanafunzi anayeziona kuwa ni mapambo. Ἐν yenye pumzi laini ni "katika", na ἕν yenye pumzi kali ni "moja"; katika Yohana 10:30, pale Yesu anaposema kwamba yeye na Baba ni umoja, neno lenyewe ni ἕν, na asiyeitazama alama atatafuta "katika nini?" mpaka jioni.

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na nitalieleza kwa urefu.

Nililelewa katika shule ya Jumapili. Kabla sijatimiza miaka 12 nilikuwa na mistari mingi sana moyoni, yote ya Union Version, Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, na hadi leo naishukuru neema hiyo. Nilipoingia chuoni na Kigiriki kikanilemea, nilitafuta mwalimu wa tuisheni, nikampata mchungaji mstaafu aliyekuwa amefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi. Ada yake ilikuwa ikilipwa na dada yangu, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni na ambaye hakuwahi kuniuliza fedha zile zinazaa nini, kwa kuwa aliniamini.

Kila juma mwalimu alinipa mistari mitano ya kufasiri. Nilikuwa nikiukodolea macho mstari, nikitafuta neno moja au mawili ninayoyajua, Ἰησοῦς (Yesu), Νικόδημος (Nikodemo), ὕδωρ (maji), na mara mstari wote wa Kiswahili ukanijia wenyewe, mzima, pamoja na vituo vyake. Niliuandika, nikageuza neno hapa na pale usifanane mno na Biblia, nikaupeleka. Miisho ya nomino sikuitazama kwa kuwa sikuwa na haja nayo. Kitenzi kikiwa katika aoristi, njeo ya tendo lililopita, au katika wakati uliopo, kwangu kilikuwa kimoja, maana jibu lilikuwa limekwisha kutoka kwingine. Mwalimu aliponiuliza, "Umeelewa?" nilijibu, "Nimeelewa, Mwalimu," na aliporudia swali kwa upole, nilirudia jibu kwa haraka. Sikujiona kuwa ninadanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo: niliamini kwamba ninasoma Kigiriki. Mtihani wa muhula wa kwanza ulinithibitishia imani hiyo, kwa sababu vifungu vyake vyote vilitoka katika Injili ya Yohana, nami Yohana nilikuwa naye tangu utoto.

Katika mwezi wa nane mwalimu alichukua karatasi tupu, akaandika taratibu kwa mkono wake: Οὕτως γὰρ ἠγάπησεν τὸν θεὸν ὁ κόσμος. Nilifasiri kabla hajaweka kalamu chini: "Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu." Akasema, "Soma tena, mwanangu." Nikasoma tena, nikasema yale yale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikioni mwake. Mara ya tatu aliweka kidole chake chini ya τόν, artikeli iliyotangulia neno Mungu, na kukiacha pale. Hapo ndipo nilipoona. Θεόν, yaani Mungu, ilikuwa katika akusativi, naye ni mtendwa. Κόσμος, yaani ulimwengu, ilikuwa katika nominativi, nao ndio mtenda. Alikuwa ameugeuza mstari wa Yohana 3:16, na sentensi iliyokuwa mbele yangu ilisema kwamba ulimwengu ulimpenda Mungu. Maneno yote niliyajua, wala hapakuwa na jipya hata moja. Kilichobadilika ni miisho na artikeli, yaani kile hasa nilichokuwa nimelipiwa nijifunze.

Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Miezi hii minane nimekuwa nikimfundisha nani?" Sikuwa na jibu, na hakuwa akilitaka. Niliporudi nyumbani nilimweleza dada yangu kila kitu, nikamwambia kwamba fedha zake zimekwenda bure kwa kosa langu. Alisikiliza, akauliza kama mwalimu bado yuko tayari kunifundisha, na juma lililofuata alinipa ada kama kawaida. Jambo hilo lilinifanya nisome kwa bidii kuliko hofu ya mtihani wowote.

Siku hiyo mwalimu alikuwa na sharti moja: Biblia ya Kiswahili isiingie kibarazani kwake. Badala ya Agano Jipya akanipa Didache, maandiko ya Wakristo wa kale ambayo Kigiriki chake kilipatikana mwaka 1873 huko Constantinople, katika kitabu kilichonakiliwa mwaka 1056. Sikuwahi kuisikia katika shule ya Jumapili, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kujificha. Sentensi yake ya kwanza ni Ὁδοὶ δύο εἰσί, μία τῆς ζωῆς καὶ μία τοῦ θανάτου. Maneno hayo ni kumi, na yalinichukua dakika 40. Nilikwama kwa μία, ambayo ni ya jinsia ya kike, wakati ὁδός, yaani njia, kwa mwisho wake wa -ος ilinionekania kuwa ni ya kiume. Nilidhani mwandishi amekosea.

Mwalimu akaniuliza, "Kipofu ni neno la ngeli gani?" Nikamjibu kwamba umbo lake ni la ki-vi. "Basi mbona husemi kipofu kinaomba?" Nikamwambia kwamba twasema kipofu anaomba, kwa sababu upatanisho wake ni wa a-wa. Akasema, "Ὁδός ni kipofu wa Kigiriki. Usilitazame vazi lake, tazama linapatana na nini." Tangu siku hiyo sijakosea jinsia ya ὁδός, na kila ninapokutana na nomino ya namna hiyo, kama ἔρημος, yaani jangwa, huitafuta kwanza artikeli yake. Hatimaye niliisoma sentensi: njia ni mbili, moja ya uzima na moja ya mauti. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kigiriki niliyoisoma maishani mwangu, ingawa nilikuwa nimekwisha kupewa alama nzuri za Kigiriki.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwalimu wa tuisheni hulipwa ili auone ujinga wenu. Darasa la watu 40 linaweza kuufunika. Saa moja ya watu wawili haiwezi, ila ninyi wenyewe mkiufunika kwa makusudi au kwa mistari ya utotoni. Akiwauliza kama mmeelewa, mwambieni ni neno gani mmelielewa na ni lipi mmelikisia. Na Biblia ile yenye Kigiriki mstari wa juu na tafsiri mstari wa chini, ambayo sasa kila mmoja wenu anayo katika simu, msiifungue kabla hamjaandika tafsiri yenu. Hufanya kazi ile ile iliyofanywa na kumbukumbu yangu, tena kwa kasi zaidi.

4. Kiswahili chenu ni msaada mkubwa, mkikitumia kama sarufi badala ya kukitumia kama jibu. Mnalalamika juu ya perfekti ya Kigiriki, njeo ya tendo lililotimia, wakati mnayo vinywani tangu kuzaliwa. Τετέλεσται ya Yohana 19:30 imefasiriwa "Imekwisha", na -me- hiyo inabeba kile kile ambacho kitenzi cha Kigiriki kinabeba: tendo limetimia na matokeo yake yapo hadi sasa. Ἔλεγεν ya Marko ni "alikuwa akisema", na ἀποκριθεὶς εἶπεν, inayowatesa kwa sababu ya partisipio yake, yaani kitenzi chenye umbo la kivumishi, hukaa vizuri katika "akajibu, akasema" yenu yenye -ka-. Artikeli, nomino na kivumishi kupatana kwa jinsia, idadi na uhusika haliwezi kuwa jambo geni kwa mtu asemaye vitabu vyangu vizuri vimepotea bila kufikiri. Tofauti ni kwamba sisi huonyesha nani amempenda nani ndani ya kitenzi, aliupenda au ulimpenda, ilhali Mgiriki huonyesha katika mkia wa nomino. Yeyote atakayenieleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya mwezi wa pili kwisha, nitamwamini kwamba anasoma.

5. Msamiati. Agano Jipya lina takriban maneno 138,000, lakini maneno ya msingi kama 310 hivi, yale yanayotokea mara 50 au zaidi, yanachukua karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Anzeni na hayo, kumi kila siku, kwa kadi za mkono. Mengine mnayo tayari kwa njia ya Kiarabu: askofu ni ἐπίσκοπος, na kalamu ni κάλαμος, ambayo mtaikuta katika 3 Yohana 13 ikiwa katika jenitivi, uhusika wa umilikaji, kando ya wino.

6. Nusu saa kila siku inashinda saa tano za Ijumaa usiku. Mlipeni mwalimu kwa wakati, na msipoweza, mwambieni mapema.

7. Msianze na Waebrania kwa sababu mnaipenda. Someni 1 Yohana, kisha Marko; dibaji ya Luka, ile mistari minne ambayo ni sentensi moja, ingojeeni hadi mwaka wa pili.

Kijana wangu wa Jumamosi iliyopita, yule aliyenyamaza, alibaki wenzake walipoondoka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akifasiri kwa kumbukumbu tangu wiki ya pili. Nilimpa mkono, kwa kuwa amelisema katika mwezi wa tatu nami nililazimika kufumaniwa katika wa nane. Jumamosi ijayo wote watatu wanakuja saa tatu asubuhi na sura ya kwanza ya Didache iliyonakiliwa kwa mkono, pamoja na alama zote za pumzi, na simu zao zitakaa mezani kwa mke wangu mpaka tumalize.