Re: Kulala ufukweni Kasanga na kuona Kalambo

Dada, umeuliza kama mnaweza kulala kwenye banda kando ya Ziwa Tanganyika na watoto wawili, mkafika Maporomoko ya Kalambo, na mwende mwezi gani.

Nendeni Juni. Masika yamekwisha, njia imekauka, na mto bado una maji ya kutosha. Ukingoja Oktoba utakuta maji yamepungua sana, na itauma baada ya safari yote ile ya Sumbawanga hadi Kasanga. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani na Zambia. Shikeni watoto mikono pale ukingoni, tafadhali. Anzeni asubuhi na mapema: kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakochosha.

Banda lichukueni la ufukweni, ila bebeni chandarua chenu na tochi. Samaki mtanunua kwa wavuvi asubuhi. Kabla watoto hawajaingia majini, waulizeni wavuvi haohao habari za mamba, na epukeni penye matete na maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho.

Siku mbili hazitoshi. Wekeni tatu.